Mwombaji wa Mfano

Ilikuwako nchi, na kama wewe unaijua basi nyamaza kimya, maana hata mimi naisimulia kwa sauti ya chini. Wapo watakaosema ni nchi yetu. Si kweli hata kidogo. Katika nchi hiyo waheshimiwa walikuwa wakilala bungeni mchana kweupe, ilhali wa kwetu, kama mjuavyo, hufumba macho tu ili wafikiri vizuri zaidi.

Katika nchi hiyo kazi zilikuwa hazipatikani. Jambo hilo lilisemwa sokoni, likasemwa kwa vinyozi, likasemwa misibani na kwenye foleni za maji, mpaka likamfikia Rais, naye akaudhika sana. Akaita waandishi wa habari, akavaa miwani yake ya kusomea ingawa hakuwa na kitu cha kusoma, akasema: "Kazi zipo. Zipo tele! Tatizo ni barua. Watu wetu hawajui kuandika barua za maombi. Mtu anaomba kazi kama anayeulizia njia ya kwenda stendi. Nani atampa?"

Wananchi wakashusha pumzi. Kumbe miaka yote hiyo walikuwa na kazi, ila walikosa barua. Muda si muda ikaundwa Wizara ya Barua za Maombi, yenye waziri, naibu waziri, naibu wa naibu, wakurugenzi na madereva wa wakurugenzi, ikawekwa kwenye jengo refu lenye lifti ambayo ilitarajiwa kufanya kazi siku za usoni. Wizara hiyo iliajiri watu wengi sana. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika barua, kwa sababu wao walikuwa wanajulikana.

*

Semeni Lubawa hakuwa anajulikana. Alikuwa mwalimu, na ninaposema mwalimu nina maana alisomea ualimu, akafaulu, akapewa cheti, akakitia kwenye mfuko wa nailoni ili mende wasikile. Baada ya hapo akarudi mtaani kwao Kisimani kungoja kuitwa. Alingoja mpaka nywele za pembeni zikaanza kuwa nyeupe, lakini alikuwa bado kijana. Wataalamu wa nchi hiyo walikuwa wamegundua kwamba ukosefu wa kazi ni tatizo la vijana, na ili lisije likawa tatizo la watu wazima, kila mwaka serikali ilipandisha kidogo umri wa ujana. Semeni hakuona dalili ya kuupita ujana huo kabla ya kufa.

Alipata riziki kwa kufulia watu nguo. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni, na mama yake, Bi Nyamvula, aliyekuwa akiishi naye, kila akiitazama mikono ile alitikisa kichwa.

Kilichomuuma Semeni zaidi hakikuwa sabuni. Pale Kisimani palikuwa na shule ya msingi, na darasa la tatu la shule hiyo halikuwa na mwalimu. Aliyekuwepo alistaafu, akaagwa kwa keki, na wizara ikasahau kwamba mtu akiondoka huwa anaacha nafasi. Chiku, binti wa pekee wa Semeni, alikuwa darasa hilo hilo.

"Leo mmefanya nini shuleni?" Semeni alimuuliza kila mchana.

"Tumekaa, mama."

"Na jana je?"

"Jana tulikaa, halafu tukapiga makofi."

Nyumbani Semeni alimfundisha Chiku mwenyewe, lakini darasa zima lisingeenea kwenye ua wake, katikati ya kamba za nguo za watu. Akaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Kaombwe, mtu mpole aliyekonda kwa kukimbia kutoka darasa moja kwenda lingine.

"Mwalimu mwenzangu," alisema Kaombwe, "mimi ningekuchukua hata sasa hivi. Chaki ipo, watoto wapo, na wewe upo. Kinachokosekana ni barua yako ipite wizarani irudi na mhuri. Nikikuingiza bila mhuri wataniuliza kwa nini watoto wanasoma bila kibali."

Basi Semeni akaandika barua. Aliandika hivi: *Mimi ni mwalimu. Shule ya Msingi Kisimani ina darasa lisilo na mwalimu. Naomba nilifundishe.* Akatia sahihi, akapeleka.

Ilirudi imejaa wino mwekundu. "Barua kavu," waliandika juu. "Haina unyenyekevu." Chini wakaongeza: "Mbona mwombaji anakwenda moja kwa moja kwenye jambo? Ana haraka gani?" Na pembeni kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine mwenye cheo zaidi: "Haikupitia kwa mkuu wake wa kazi."

Huu ndio ulikuwa utaratibu wa nchi ile, na watu wake waliuheshimu kama tunavyoheshimu misiba. Barua yoyote ya kuomba kazi ilipaswa kupitia kwa mkuu wa mwombaji huko kazini kwake, aigonge mhuri kuonyesha kwamba anajua. Mtu asiye na kazi hana mkuu. Wizara ililiona tatizo hilo mapema, na badala ya kufuta utaratibu ikaanzisha cheo cha Mkuu wa Wasio na Kazi, mmoja kila wilaya, mwenye ofisi, gari na mhudumu wa chai.

Mkuu wa Wasio na Kazi wa wilaya ya akina Semeni alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi. Kila Semeni akienda aliambiwa mkuu yuko safarini, au yuko kikaoni, au yupo lakini hayupo. Siku alipompata, mkuu aliisoma barua yake akikunja uso.

"Kwa hiyo unataka kutuacha," alisema.

"Kuwaacha wapi, mheshimiwa?"

"Si uko chini yangu? Wewe ni asiye na kazi wangu. Unataka kuondoka ghafla ghafla tu? Lazima utoe notisi ya mwezi mmoja. Katika mwezi huo usifanye kazi yoyote, maana nitakuwa sijakuachia."

Semeni akatoa notisi. Akaacha hata kufua mwezi ule, na nyumbani wakala ugali kwa mchicha wa uani.

*

Barua ya pili ilirudi, na ya tatu. Moja ilirudi kwa sababu alisema yeye ni mchapakazi bila kuambatisha ushahidi, na ushahidi uliotakiwa ulikuwa barua kutoka kazini kwake. Nyingine ilirudi kwa kuwa hakumsalimu naibu wa naibu waziri. Kisha akaitwa, pamoja na umati wa waombaji wenzake, kwenye semina ya Barua Yenye Mvuto, iliyofanyika kwenye hema kubwa uwanja wa mpira. Kila mtu alipewa fulana yenye picha ya Waziri, Mheshimiwa Dakta Makorongo, akiwa ameshika kalamu kama mtu aliyeshika mwiko kwa mara ya kwanza.

"Ndugu waombaji," alisema Dakta Makorongo, "siri ya barua nzuri ni ufupi!"

Akaueleza ufupi mpaka wakati wa chakula cha mchana. Baada ya chakula akaueleza tena, kwa ajili ya waliochelewa.

"Mwajiri ni mtu mwenye hisia," aliendelea. "Mguse! Mwambie unaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Lakini pia mwambie unapenda sana kusimamiwa. Mwambie huna tamaa ya mshahara. Mwambie utakuwa tayari kufanya kazi popote, hasa pale ambapo hakuna kazi. Na jambo la mwisho, ndugu zangu, usimwambie kwamba una shida. Hakuna anayependa mtu mwenye shida. Hata mimi sipendi."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa soda zilikuwa bado hazijagawiwa. Semeni alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka, fulana ya Waziri ikimbana kwapani, akasikia uchovu ukimpanda kutoka miguuni. Haukuwa uchovu wa kulala. Kufua ndoo baada ya ndoo kulimchosha mgongo, na mgongo ulipumzika. Huku kuomba kulimchosha mahali asipojua jinsi ya kupakanda.

Aliporudi nyumbani alivua fulana ile akampa mama yake afanye dekio. Akakaa uani, akachukua karatasi, akaitazama.

"Unaandika tena?" akauliza Bi Nyamvula.

"Naandika tena, mama. Sijui hata niandike nini. Maneno yote yamekwisha."

"Mnakosea toka mwanzo," alisema mama yake. "Sisi zamani tukimwandikia mtu tulianza kwa kumjulia hali. Ninyi mnamvamia mtu na shida zenu hata hamjui kaamkaje. Mjulie hali kwanza, mwanangu. Halafu mwambie ukweli, ulale."

Semeni akacheka, kicheko kisicho na furaha, akaanza kuandika. Hakufikiria semina. Hakufikiria kitu. Aliandika hivi:

*Wapendwa wakubwa zetu,*

*Salamu nyingi ziwafikie huko mliko. Nia na madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali zenu. Ama sisi huku si wazima sana, ila tumezoea. Hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu.*

*Baada ya salamu, naomba kazi ya kufundisha darasa la tatu Kisimani. Sisemi tena kwamba mimi ni mchapakazi, kwa sababu hamjanipa kazi mkaniona. Nimechoka, wakubwa zangu. Nimechoka kwa kuomba kuliko ambavyo ningechoka kwa kufanya. Watoto wapo, chaki ipo, na mimi nipo. Kama kuna neno ambalo nikiliandika mtanipa kazi, tafadhali nitajieni niliandike, maana mengine yote nimekwisha kuyaandika.*

*Ni mimi, Semeni Lubawa, mama Chiku, kijana kwa amri ya serikali.*

Akaipeleka asubuhi, akaisahau, akarudi kwenye ndoo zake.

*

Wizarani barua ile ilisomwa na karani, na karani akalia. Akampa mkuu wake, naye akalia. Ikapanda ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa bado inatarajiwa, na kila ghorofa watu wakalia, wengine kwa sababu ya barua na wengine kwa sababu mkuu wao alikuwa analia. Dakta Makorongo hakulia. Aliambiwa kwamba watu wamelia, akaitisha kamera za televisheni, akaagiza kitambaa cheupe, ndipo akaisoma.

"Wananchi," alisema akijifuta macho makavu, "barua imepatikana!"

Siku hiyo hiyo ikatangazwa kuwa Barua ya Taifa. Semeni akafuatwa kwa gari lenye kiyoyozi, akakalishwa jukwaani pamoja na mama yake. Akapewa cheti kikubwa, mwavuli wenye nembo ya wizara, na cheo cha Mwombaji wa Mfano. Bendi ya polisi ikapiga. Katikati ya shangwe Semeni akamsogelea Waziri, akamnong'oneza:

"Mheshimiwa, shikamoo. Na ile kazi je?"

"Kazi gani?"

"Ile niliyoomba kwenye barua. Darasa la tatu."

Dakta Makorongo akacheka kwa upendo, akashika kipaza sauti ili umma wote unufaike. "Anauliza kuhusu kazi! Hebu tutafakari pamoja, ndugu zangu. Huyu ni Mwombaji wa Mfano. Tukimpa kazi, ataendelea kuwa mwombaji? Hataendelea. Sasa atakuwa mfano wa nini? Tutakuwa tumelinyang'anya taifa hazina yake. Mama, taifa linakuhitaji uombe!"

Makofi yalikuwa makubwa sana. Ndani ya gari, wakirudishwa nyumbani, Bi Nyamvula aliugeuzageuza ule mwavuli magotini.

"Wamekupenda mpaka wamekukosesha," alisema. "Afadhali wangekuchukia, mwanangu, labda wangekupa kitu."

*

Ikatoka amri. Tangu siku hiyo kila mwombaji wa kazi katika nchi ile alitakiwa kunakili Barua ya Taifa kwa mkono wake, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Atakayebadili hata herufi atashtakiwa kwa kuchezea alama ya taifa, sawasawa na mtu aliyechana bendera.

Sasa wewe msomaji ni mwerevu, umekwisha kuona tatizo. Wananchi wa nchi ile nao waliliona. Lakini walikuwa watu watiifu, na jela waliijua. Wakanakili yote. Wakanakili salamu, wakanakili hofu na mashaka, wakanakili darasa la tatu Kisimani, na walipofika chini wakanakili pia: *Ni mimi, Semeni Lubawa, mama Chiku.* Madereva wa malori wakawa mama Chiku. Wahandisi wenye vipara wakawa mama Chiku. Mapadri wawili waliotaka kubadili kazi wakawa mama Chiku. Bungeni mbunge mmoja alisimama akauliza kama haitaleta mkanganyiko. Akajibiwa kwamba umoja wa kitaifa hauwezi kuwa mkanganyiko, akaketi, akafumba macho.

Pale masjala ya wizara, karani mwandamizi Bwana Mtulia alifurahi kuliko watu wote. Kabla ya hapo alikuwa akipanga barua kwa majina mpaka kichwa kinamuuma. Sasa zote zilikwenda kwenye jalada moja.

Ukafika msimu wa uchaguzi, na Rais akakumbuka kwamba watu wanapenda kazi. Akatangaza ajira nyingi kwa mpigo: udereva, uganga, ulinzi wa misitu, ualimu. Wizara ikachukua barua kutoka juu ya rundo na kuzigawia kazi kwa kufuata jinsi zilivyolala. Majibu yakamiminika nchi nzima: *Ndugu Semeni Lubawa, unajulishwa kwamba maombi yako yamekubaliwa.*

Semeni alisikia kwenye redio kwamba majibu yametoka. Sitaficha, alitumaini. Alifua nguo zake mwenyewe siku hiyo, akapiga pasi gauni la kuvaa darasani, akalitundika mlangoni. Majirani walipita wakichungulia na kumpongeza. Barua haikuja siku hiyo, wala siku zilizofuata. Gauni likaendelea kuning'inia.

Kisha mchana mmoja Chiku akaingia mbio.

"Mama! Tumeletewa mwalimu!"

"Mwalimu gani?"

"Anaitwa Mwalimu Semeni Lubawa. Ana ndevu."

*

Semeni alikwenda wizarani akiwa na gauni lile lile la darasani, kwa kuwa lilikuwa limeshapigwa pasi. Bwana Mtulia alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akafungua jalada, akalifunga.

"Semeni wameisha," alisema.

"Wameisha vipi? Mimi ndiye Semeni mwenyewe."

"Mama yangu, wote waliopita hapa walikuwa wenyewe. Jana alikuja Semeni mmoja amejenga mwili kama mbeba magunia. Ningembishia?"

"Lakini mimi ndiye niliyeiandika ile barua! Kwa mkono huu!"

Bwana Mtulia akamtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, nakuambia. Katika nchi ile watu wabaya walikuwa wachache sana, na ndiyo maana kila kitu kilichukua muda mrefu.

"Hapo ndipo penye shida," alisema. "Sharti linasema mwombaji awe amenakili Barua ya Taifa. Wewe hujanakili. Umeandika tu."

"Basi nipe karatasi. Ninakili sasa hivi."

"Ukiinakili barua yako mwenyewe, hiyo inaitwa kujirudia, na waombaji wanaojirudia tunawafungia. Nakushauri urudi nyumbani. Kuna fununu kwamba mwakani watachagua barua nyingine."

Semeni hakupiga kelele. Alitamani kupiga kelele, na mimi ningemuunga mkono. Alikaa kwenye benchi la korido ameshika tama, akitazama watu wakipita na mafaili. Akajiona mjinga. Akakumbuka jinsi alivyopiga pasi lile gauni, akaona aibu kana kwamba kuna mtu alimwona akiiba.

Aliporudi Kisimani hakwenda nyumbani. Alikwenda shuleni moja kwa moja, hana hakika kama anakwenda kugombana au kutazama tu. Akamkuta mwalimu mwenye ndevu amesimama mbele ya darasa la tatu, ameshika chaki kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Watoto walikuwa wamekaa. Naye alikuwa amesimama. Inaonekana walikuwa hivyo tangu asubuhi.

"Wewe ndiye Semeni?" Semeni alimuuliza akiwa mlangoni.

Yule mtu akatoka nje haraka, kama aliyeokolewa. "Dada, mimi naitwa Lameki," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nachomelea mageti. Niliomba udereva. Wameniletea hawa watoto, na mimi mwenyewe sijui niwafanye nini. Nikiondoka naambiwa nimetoroka kazi ya taifa. Wewe nani?"

"Mimi ndiye mama Chiku," Semeni akasema. "Yule wa kweli."

Lameki akamtazama muda mrefu. Kisha akampa chaki.

*

Hivyo ndivyo Semeni Lubawa alivyoanza kufundisha. Kila asubuhi aliingia darasani pamoja na Lameki, na Lameki alikwenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati lililombana magoti. Akichoka kukaa alitengeneza madawati yaliyovunjika. Mshahara haukuja kwa yeyote kati yao, kwa kuwa Hazina ilikuwa bado inashangaa ni mtu gani huyo anayetaka kulipwa katika kila wilaya. Mwalimu Kaombwe alipita mlangoni, akaona, akaendelea na safari yake akiimba wimbo wa kanisani. Jioni Semeni alirudi kwenye ndoo zake.

Na alifurahi. Nalisema hivyo hivyo lilivyo. Alikuwa hana barua, hana mshahara na hana hata jina lake mwenyewe, lakini mtoto wa mwisho pale dirishani, ambaye hajawahi kusema neno, siku moja alinyoosha mkono akasoma sentensi nzima, na Semeni ikabidi ageukie ubao kwa muda.

Walikuwa katikati ya hesabu za kutoa kwa kukopa siku gari la wizara lilipoingia uwanjani. Akashuka Mkaguzi, mama mmoja nadhifu mwenye faili la ngozi, akiongozana na Mwalimu Kaombwe ambaye uso wake ulikuwa umesawijika. Ubaoni palikuwa na hamsini na mbili kutoa ishirini na saba, na Semeni alikuwa ndiyo kwanza ameuliza kama mbili inaweza kutoa saba.

"Mwalimu Semeni Lubawa ni nani?" akauliza Mkaguzi.

Darasa zima likanyoosha vidole. Vidole vyote vilielekea ubaoni. Lameki naye, kule nyuma, akanyoosha cha kwake upande huo huo.

"Na barua ya ajira anayo nani?"

Lameki akainuka polepole, akakwama kwenye dawati, akajinasua. "Ninayo mimi, mheshimiwa. Lakini mwalimu ni yeye. Mimi naitwa Lameki. Mimi ni fundi wa mageti."

"Usinichanganye, Mwalimu Semeni," alisema Mkaguzi, akiisoma karatasi. "Hapa pameandikwa Semeni, na karatasi unayo wewe. Njoo mbele, endelea na kipindi." Kisha akamgeukia Semeni, na sauti yake haikuwa kali. "Mama, pole sana. Nimesikia nje unavyofundisha, kwa kweli unajitahidi. Lakini huna barua. Huruhusiwi kuwa darasani."

"Waache wamalize hesabu hii moja tu," Semeni alisema.

"Kanuni hazinipi ruhusa hiyo."

Semeni akaitazama chaki, akampa Lameki. Akatoka. Alipita kati ya madawati bila kumtazama mtoto yeyote, maana angemtazama hata mmoja asingefika mlangoni. Nje jua lilikuwa kali. Akasimama ukutani, chini ya dirisha lisilo na vioo wala mbao, akafuta mikono kwenye gauni, asijue aelekee wapi.

Ndani Lameki alisimama mbele ya ubao. Watoto walikuwa wamekaa.

Ndipo Chiku, ambaye hata darasani alikuwa hajawahi kumwita ila mama, akageukia dirishani.

"Mwalimu," aliita. "Hujamaliza."

Semeni akafumba macho. Kisha akageuka, akaweka viwiko vyake kwenye dirisha, kichwa kikaingia ndani.

"Haya," alisema. "Mbili inaweza kutoa saba?"

"Haiweziiii!" darasa likajibu.

"Tufanyeje?"

"Tukakopeee!"

"Kwa nani?"

"Kwa tanooo!"

"Lameki, ifute hiyo tano, andika nne. Pale kwenye mbili pawe kumi na mbili. Kumi na mbili kutoa saba?"

Lameki aliandika akitazama dirishani kila baada ya tarakimu. Mwalimu Kaombwe alitazama dari. Mkaguzi alifungua faili la ngozi, akapekua kanuni ukurasa baada ya ukurasa. Zilizungumza mengi kuhusu mlango. Kuhusu dirisha hazikusema lolote. Akalifunga, akaketi kwenye dawati lililoachwa na Lameki, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi akaandika taarifa yake pale pale, huku watoto wakipiga kelele kwamba jibu ni ishirini na tano:

*Shule ya Msingi Kisimani. Darasa la tatu lina mwalimu. Watoto wanasoma na wanaelewa. Mwalimu Semeni Lubawa anastahili pongezi. Nje ya darasa yupo mama mmoja asiye na kazi. Anashauriwa aandike barua.*